Akwariyumu ya kwanza yenye majani hapa Goma: mutungi, udongo ao filtri?

Kama unafikiria kuweka akwariyumu ndogo yenye majani ya kweli ndani ya saloo hapa Goma, utasikia mashauri matatu tofauti na kila mutu atakuapia kama yake ndo ya kweli. Mumoja anasema chukua mutungi wa kioo, tia majani, imeisha. Mwingine anasema weka udongo chini na muchanga juu, mashini ya nini. Wa tatu anasema bila filtri samaki watakufa wote. Wote watatu wako na haki, ila kila mutu anaongea kufuatana na nyumba yake, umeme wake na maji yake, na video nyingi zenye tunaangalia zilifanywa na watu wenye wanafungua robine wanapata maji laini (yenye chumvi kidogo) na prizi zao hazizimike. Sisi tuko na ziwa Kivu ndani ya bido. Nitalinganisha hizo njia tatu kwa vipimo vya hapa kwetu, utachagua mwenyewe.

Vitu vya kupima kwanza

Maji ndo ya kwanza, na ndo yenye watu wanasahau. Maji mingi ya Goma inatoka ziwani, iwe ya robine ao ya bido yenye imeletwa na chukudu, na maji ya Kivu haifanane na maji ya mto hata kidogo. pH yake (kipimo cha asidi, 7 ndo katikati) juu ya ziwa inazunguka 9, na imejaa chumvi za bikarbonati na manyeziamu. Hiyo inaleta mambo mawili makubwa.

Jambo la kwanza ni majani gani itaishi. Majani inakula kaboni, na ndani ya maji ya pH 9 gesi ya CO2 yenye iko huru ni kidogo sana, karibu kaboni yote iko ndani ya bikarbonati. Kuko majani yenye inajua kuitoa humo: Vallisneria (ile yenye majani marefu kama riboni, inaota mpaka ziwa Tanganyika), Ceratophyllum yenye haina mizizi, na Egeria. Kuko zenye hazijui, kama Cabomba na mosi nyingi (zile za kijani zenye zinashika juu ya mawe), hizo ukizitia ndani ya maji ya ziwa zinalegea kidogo kidogo mpaka zinaoza, na wewe utafikiri ni taa ndo mbaya. Zenye zinaelea juu kama Pistia hazina shida juu zinavuta kaboni ndani ya hewa.

Jambo la pili ni amonia, na hapa naomba usome polepole. Mavi ya samaki, chakula chenye kimebaki, jani lenye limeoza, vyote vinatoa amonia. Kwenye pH 7, chini ya 1 kwa 100 ya hiyo amonia ndo iko kwa sura ya sumu, ingine yote ni amoniamu yenye haiumize sana. Kwenye pH 9 na maji ya digri 25, sehemu ya sumu inapanda mpaka karibu 36 kwa 100. Amonia ni ile ile, chakula ni kile kile, lakini sumu imekuwa karibu mara 60. Ndo maana mutu wa pahali pengine anaweza kutia samaki siku ya pili na wakapona, hapa wewe ukifanya vile utawakuta asubuhi wako juu ya maji, mudomo wazi, matamvua nyekundu yanapiga haraka haraka, na kesho yake wamelala chini. Kungojea bakteria wajae, wale wenye wanageuza amonia kuwa nitriti kisha nitrati, kwingine ni ushauri tu lakini kwa maji ya Kivu ni lazima.

Tena kuko klori. Pale ukingoni wanapotia klori na sindano ndani ya bido, ni muzuri kwa kuzuia kolera, ila inaua samaki na bakteria. Mimina maji ndani ya besani wazi, iache siku 1 mpaka 2 pahali jua linafika, njo uitumie.

Wengi wanauliza: basi nitumie maji ya mvua? Inasaidia lakini angalia. Moshi wa Nyiragongo unatia asidi na floridi ndani ya mvua, na bati inakusanya majivu na vumbi, kwa hiyo mvua ya kwanza iache ipite, shika ile ya baadaye. Ukichanganya nusu mvua nusu ziwa, chumvi inapunguka nusu, ila pH inashuka kidogo tu, usidanganyike kama umepata maji laini. Kazi ya muzuri zaidi ya mvua ni kujazia maji yenye imekauka, juu maji ikikauka chumvi inabaki, na ukijazia na ya ziwa kila mara chumvi inaongezeka tu.

Umeme: usijiulize kama uko nao, jiulize unakatika saa ngapi. Kuko avenue zenye unaenda unarudi bila shida na zingine zenye unalala siku nyingi, na kuko siku kashpawa (umeme wa kulipia mbele) inaisha usiku. Piga hesabu ya wati. Taa ya LED ya wati 10 kwa saa 7 inakula wati-saa 70. Pompu ndogo ya hewa ya wati 3 usiku na mchana inakula 72. Kifaa cha kupasha maji cha wati 50, kikifanya saa 10 tu, ni 500. Ukiwa na pano ndogo ya solaire unaona mara moja ni kipi batri haitaweza.

Baridi na hewa: tuko kwa mita 1500 hivi. Usiku nyumba inaweza kushuka mpaka digri 16 ao chini, na maji kidogo inafuata baridi ya nyumba haraka. Tena kwa urefu huu maji inashika oksijeni pungufu kuliko pwani, karibu sehemu 1 kwa 6 inapotea. Kwa hiyo ile idadi ya samaki yenye unasoma kwenye intaneti, ipunguze.

Uzito na tetemeko: lita 60 ya maji ni kilo 60, ongeza muchanga, mawe na kioo unapita 80. Ndani ya nyumba ya mbao iweke karibu na ukuta, pahali miti ya chini inashika, siyo katikati ya chumba. Na ardhi yetu inacheza, kwa hiyo meza iwe fupi, pana, na usijaze maji mpaka mudomo.

Ya mwisho ni mbu. Maji yenye imetulia bila samaki ni nyumba ya mbu, kutoka yai mpaka mbu mwenye anaruka ni wiki 1 ao 2 tu.

Njia ya 1: mutungi wa kioo, lita 5 mpaka 15, bila mashini

Umeme: hakuna. Dirisha linatosha, ila siyo jua la moja kwa moja, juu jua likipiga kioo saa nyingi maji inakuwa kijani. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana ni saa 12 hivi mwaka muzima, kwa hiyo pahali umeona ni pazuri mwezi wa pili patakuwa pazuri hata mwezi wa nane.

Maji na kazi: bido moja ya lita 20 inabakisha. Unatoa kidogo kila wiki, unajazia, unakata majani yenye imezidi. Watu wenye wanaiweka sawasawa hawatumie hata nusu saa kwa wiki.

Baridi: Vallisneria na Ceratophyllum haziogope digri 18, zinapunguza mwendo tu.

Majani na viumbe: hapa nasema bila kuzunguka, usitie samaki. Lita 10 ya maji ya Kivu na samaki mumoja ni ile hesabu ya amonia yenye tumeona huko juu, hana pa kukimbilia. Weka majani, jiwe moja la lava, konokono wadogo wenye wanakuja na majani ya akwariyumu, na shina la pothos (lile jani la kupamba nyumba lenye linatambaa) lenye mizizi yake inaingia majini na majani yake inabaki juu, linakula uchafu sana. Na juu funika na kipande cha musitikeri, uifunge na elastiki, hii siyo ya kuchagua.

Inafaa nani: mwanafunzi, mupangaji mwenye anahamahama, mutu mwenye hana umeme wa hakika, na mutoto mwenye anataka kujifunza namna jani linaishi. Haifai mutu mwenye moyo wake uko kwa samaki, juu baada ya wiki mbili atatia tu, na samaki atakufa.

Njia ya 2: udongo chini, muchanga juu, lita 40 mpaka 60, bila filtri ao na pompu ndogo ya hewa

Hii ndo nitakaa nayo zaidi juu ndo yenye watu wanaielewa vibaya.

Kama haupate akwariyumu ya kununua, fundi wa vitri anaweza kukukatia. Kipimo cha sentimita 60 kwa 30 kwa urefu 35 kinabeba lita 63 ikijaa kabisa, kioo cha milimita 6 kinatosha. Silikoni ndo muhimu: chukua ile ya silikoni tupu yenye inanuka kama vinegre wakati inakauka, usichukue ya bafu yenye dawa ya kuzuia kuvu, ile dawa ni sumu. Iache ikauke wiki moja, jaza maji ndani ya kiwanja siku mbili, pitisha kidole kavu kwenye kila kona, ikibaki kavu njo uingize ndani.

Udongo ni wa kawaida wa bustani wenye haujatiwa fumié wala mbolea ya duka. Uuchunge, utoe mizizi na vipande vya majani, tandaza sentimita 2 ao 3, siyo zaidi, kisha muchanga wenye umeoshwa mpaka maji inatoka safi, sentimita 3 hivi. Udongo ukiwa mingi unakosa hewa chini: ukifinya muchanga na kidole, mapovu yanapanda na harufu ya yai bovu.

Umeme: taa peke yake, zile wati-saa 70, na hata hiyo ukikosa siku tatu majani haife. Wakati umeme umekatika hakuna kitu chenye kinasimama, na kwa Goma hiyo ni faida kubwa sana.

Maji na kazi: kazi yote iko mwanzoni. Udongo mupya unatoa amonia wiki za kwanza, na kwa pH yetu hiyo ni hatari kuliko kwa watu wenye walivumbua hii njia. Panda majani mingi siku ya kwanza, funika karibu chini yote, badilisha nusu ya maji mara mbili kwa wiki kwa mwezi wa kwanza (hesabu bido 3 kwa wiki, ujue kama mufuko unaweza), na ngoja wiki 6 mbele ya samaki wa kwanza. Bakteria ndani ya maji ya baridi wanaongezeka polepole, wiki 4 zenye unasoma pengine hapa hazitoshe. Baada ya hapo kazi inapunguka, unakata majani, unajazia na mvua, unabadilisha maji mara moja moja.

Baridi: bila kupasha, maji itakaa 19 mpaka 22 kufuatana na nyumba. Guppy (samaki mudogo wa akwariyumu) anaivumilia, maji ikishuka chini ya 18 kwa siku nyingi anadhoofika.

Majani na viumbe: udongo ukioza unatoa CO2 polepole, ndo maana hapa majani inaota kuliko njia zote mbili zingine. Vallisneria inatuma watoto chini ya muchanga, unaona jani dogo linatoboa sentimita 10 kutoka kwa mama yake, kisha lingine, mpaka unaanza kugawia majirani. Saa ya mchana taa ikiwa nguvu utaona tupovu tudogo tunashikana pembeni ya jani kisha tunapanda kwa mustari, hiyo ni oksijeni. Samaki: guppy dume 5 ao 6 tu. Ukichanganya na jike wanazaa bila kukoma na ile hesabu ya amonia inarudi.

Inafaa nani: mutu mwenye subira, mwenye nyumba yake ao hatahama karibuni (kuhamisha akwariyumu ya udongo ni kuivunja yote), mwenye umeme unamutoroka, na mwenye anapenda majani kuliko samaki. Haifai mwenye anataka kubadilisha mapambo kila mwezi, juu ukingoa jani kwa nguvu unapandisha udongo na maji inakuwa kama chai.

Njia ya 3: muchanga tupu, mawe, filtri, lita 40 mpaka 60

Umeme: hapa lazima uchague filtri kwa akili. Kuko filtri ya sponji yenye inaendeshwa na pompu ya hewa, wati 3, na kuko ya boksi yenye imefungwa, nguvu zaidi na maji safi zaidi. Umeme ukikatika, sponji iko ndani ya maji wazi, bakteria wake wanapata oksijeni kidogo na wanavumilia. Ile ya boksi maji inafungiwa ndani, baada ya saa nyingi oksijeni inaisha, bakteria wanakufa, na umeme ukirudi inamwaga uchafu wote juu ya samaki. Ukiwa nayo na umeme umekatika usiku muzima, ifungue uisuuze mbele ya kuwasha. Kwa Goma mimi ningechukua sponji bila kufikiri mara mbili, na kabatri kadogo ka kuendesha pompu usiku.

Maji na kazi: kazi iko sawa kila wiki. Robo ya maji, lita 15 hivi, yenye imetulia na haina klori. Sponji uikamue mara moja kwa mwezi ndani ya maji ya akwariyumu yenyewe, siyo chini ya robine. Kungojea bakteria ni wiki 6 vilevile: tia chakula kidogo bila samaki ili amonia ianze.

Baridi: ni ile ile ya njia ya 2, ila watu wenye wanachukua hii wanataka samaki wa joto, ndo hapo kifaa cha wati 50 kinaingia, na zile wati-saa 500. Kama umeme wako hauaminike, chagua samaki wa kuvumilia kuliko kununua kifaa.

Majani na viumbe: majani ni pungufu lakini inapangika. Anubias, asili yake Afrika ya magharibi na ya kati, unaifunga na uzi juu ya jiwe la lava, usizike shina lake ndani ya muchanga litaoza, na inaota polepole sana. Mawe ya lava tunayo bure, yale meusi yenye matundu ya kujengea viwanja, kila tundu ni nyumba ya bakteria na mizizi inashika humo. Yachemshe, yapige brosi, na toneza vinegre: ikitoka povu, jiwe lina chokaa, liache. Vallisneria inaishi hapa pia ukiipa kidonge cha mbolea cha akwariyumu chini ya mizizi. Kwa samaki, hii ndo njia yenye nafasi zaidi: guppy, moli, na kama unaweza kupata, Neolamprologus multifasciatus wa Tanganyika, samaki wa sentimita 5 ao pungufu wenye wanaishi ndani ya makombe ya konokono. Maji yao ya asili iko na pH kama yetu, wengine wote duniani wanahangaika kutengeneza maji hiyo na sisi iko kwenye bido. Ila ujue wanachimba muchanga, kwa hiyo majani iwe ya kufunga kwenye mawe.

Inafaa nani: mwenye anapenda samaki kwanza, mwenye umeme unapatikana siku nyingi, mwenye anataka kuosha na kupanga upya, na mupangaji mwenye atahama lakini anataka samaki. Haifai mwenye anasafiri mara nyingi na nyumba inabaki bila mutu wa kuangalia pompu.

Na gesi ya CO2?

Watu wanaiuliza kila mara. Ni ile gesi ya mazuku, yenye inalala pahali pa chini na inaua mbuzi na watu wenye wanalala huko, kwa hiyo hakuna mutu wa Goma wa kuelezwa kama ni ya kuheshimu. Ndani ya akwariyumu, usiku majani haiile, ikizidi samaki wanakosa hewa. Tena maji yetu yenye bikarbonati mingi inahitaji gesi mingi sana mbele pH isogee. Kwa akwariyumu ya kwanza iache, Vallisneria haiiombe.

Na kitu kingine kimoja mbele ya kuchagua, usichukue konokono wala majani ukingoni bila kufikiri. Konokono wa aina ya Biomphalaria wanabeba bilharzia. Kama ni lazima jani litoke ziwani, vaa ganti, lisuuze, litoe kila konokono na mayai, liache ndani ya ndoo siku kadhaa. Na kinyume chake pia, guppy wako na majani yako ya duka visiende ziwani hata siku umechoka navyo. Sambaza yenyewe, wale samaki wadogo wa ziwa, ililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, Kivu limebeba wageni tayari, tusiongeze bila kujua.

Kuchagua kufuatana na hali yako

Kama umeme kwenu unalala siku tatu nne mfululizo na bido inauma mufuko, anza na mutungi. Ukiupenda, yale majani ndo yatapanda akwariyumu ya udongo baadaye.

Kama umeme ni wa shida lakini maji iko karibu na unakaa kwako, njia ya udongo. Ila usianze kama mwezi wa kwanza hautakuwa nyumbani.

Kama umeme unapatikana sawasawa na watoto wanataka samaki, filtri ya sponji na lava. Waambie watoto tangu siku ya kwanza kama samaki wanakuja baada ya wiki 6, waandike tarehe kwenye ukuta.

Kama nyumba ni ya mbao na sakafu inacheza ukitembea, usipite lita 40 kwa njia yoyote, ao baki na mutungi.

Kama una mutoto mwenye anatambaa, mutungi uwe juu, na akwariyumu kubwa ingojee akuwe kidogo.

Na kama umebaki katikati ya njia ya 2 na ya 3, nunua kwanza kikaratasi cha kupima pH na amonia, jaza kioo maji yako, panda Vallisneria tu, na upime kila wiki. Kioo ni kile kile kwa njia zote mbili, na muchanga unaweza kutolewa ukatia udongo chini wakati bado hakuna samaki.